Jigso: Msumeno mdogo unaoweza kumtia fundi hasara kubwa

KATIKA miji ya Musoma na Bunda, na katika vituo vya biashara vya Butiama, useremala ni tegemeo la familia nyingi. Pembezoni mwa barabara huonekana fremu za makochi, vitanda, milango na makabati yakisubiri wateja. Vijijini, fundi huyo huyo ndiye huitwa kutengeneza banda la kuku, mzinga wa nyuki au mlango wa ghala la nafaka. Kando ya Ziwa Victoria ndiye hukarabati mitumbwi ya wavuvi.

Miongoni mwa mashine zinazomrahisishia kazi fundi huyo ni msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi, unaojulikana kwa mafundi kama jigso. Ina uzito wa takriban kilo 2 na bledi nyembamba inayopanda na kushuka kwa kasi. Kazi yake kubwa ni kukata mapindo: kichwa cha kitanda, mkono wa kochi, tundu la sinki katika meza ya jikoni au tundu la taa kwenye silingibodi. Kazi ambayo kwa msumeno wa mkono ingechukua asubuhi nzima, jigso huimaliza kwa dakika chache.

Tatizo la jigso ni kwamba haitishi. Fundi anayeuogopa msumeno mkubwa wa mviringo huishika jigso kwa mkono mmoja na kushikilia ubao kwa mkono wa pili, au huweka ubao juu ya goti na kuanza kukata. Bledi hutokeza chini ya ubao mahali ambapo haionekani, na mara nyingi hapo ndipo vidole vilipo.

Wengi hujifariji kwa msemo kwamba ajali haina kinga. Kwa upande wa mashine hii, msemo huo haufai. Sehemu kubwa ya ajali za jigso husababishwa na mambo machache yanayofahamika, na kinga yake ni ya gharama ndogo ukilinganisha na bei ya mashine yenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Chukulia fundi anayepata faida ya sh. 15,000 kwa siku, akifanya kazi siku 6 kwa wiki. Akijikata kidole na kukaa nyumbani wiki 6, amepoteza siku 36 za kazi, yaani sh. 540,000. Hapo hazijahesabiwa gharama za matibabu, nauli, na wateja waliokwenda kwa fundi mwingine. Fundi aliyepoteza kidole kabisa hasara yake haina mwisho, kwa kuwa mkono ndio mtaji wake wa kwanza.

Inavyofanya kazi

Historia ya mashine hii inasaidia kuielewa. Ilibuniwa mwaka 1946 na Albert Kaufmann, mhandisi wa kampuni ya Scintilla ya mji wa Solothurn nchini Uswisi. Alitoa sindano katika cherehani, akafunga bledi ya msumeno mahali pake na kukata mbao. Kwa hiyo anayejua jinsi sindano ya cherehani inavyopanda na kushuka ameshaielewa jigso. Na kama fundi cherehani asivyoweka kidole chini ya sindano, fundi seremala naye hapaswi kuweka kidole kwenye njia ya bledi.

Jigso nyingi hufikia mapigo 3,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 50 katika sekunde moja. Hakuna mtu anayeweza kuuondoa mkono kwa kasi hiyo baada ya kuguswa.

Jambo la pili ni mwelekeo wa meno. Bledi za kawaida zina meno yanayotazama juu, hivyo hukata zinapopanda. Zinapopanda huuvuta ubao kuelekea kwenye kitako cha mashine, lile bamba la chuma lililo chini yake. Kitako kikiwa kimekaa sawasawa juu ya ubao, mashine hutulia. Kikinyanyuka hata kidogo, mashine huanza kudunda, bledi hupinda au kukatika, na fundi hupoteza mwelekeo. Kwa hiyo kitako kinatakiwa kukandamizwa juu ya ubao muda wote wa kukata.

Mwelekeo huo wa meno una maana pia kwa ubora wa kazi. Bledi huchana upande wa juu wa ubao inapotoka. Ndiyo maana fundi mzoefu huweka uso mzuri wa plaiwudi chini, kisha huchora mstari na kukata kwa upande wa nyuma. Akilazimika kukata kwa upande mzuri, hubandika gundi ya karatasi juu ya mstari ili kupunguza machano.

Wakati wa kununua

Mnunuzi anashauriwa kusoma kibandiko cha mashine kabla ya kutoa fedha. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, hivyo mashine inatakiwa kuandikwa volti 220 hadi 240. Mashine zilizotumika, hasa zinazotoka Marekani, zinaweza kuwa za volti 110 au 120. Ukiichomeka mashine hiyo moja kwa moja kwenye soketi ya hapa nchini, itaungua.

Angalia pia kama kuna alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Alama hiyo ina maana kwamba mashine imezuiliwa umeme mara mbili, na ndiyo sababu waya wake una nyuzi mbili tu, bila waya wa ardhini. Mashine ya namna hiyo ikipasuka ganda haifai kufungwa kwa utepe na kuendelea kutumika, kwani kinga yake ni ganda lenyewe.

Jaribu swichi dukani. Inatakiwa kurudi yenyewe unapoiachia. Tikisa kitako uone kama hakichezi, na hakikisha mahali pa kufungia bledi panakaza vizuri. Dai risiti na uitunze. Bidhaa ikigundulika kuwa bandia, mahali pa kupeleka malalamiko ni Tume ya Ushindani, na masuala ya viwango yanashughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Umeme na ekstensheni

Karakana nyingi ndogo hutegemea ekstensheni moja inayohudumia mashine zote. Ekstensheni ya waya mwembamba wa taa haifai, kwani hupata joto na huweza kuyeyuka. Waya wenye nyuzi za milimita 1.5 za mraba unatosha kwa jigso. Ekstensheni ya kuviringisha inatakiwa kufunguliwa yote kabla ya kazi, kwa sababu waya uliobaki umeviringishwa hukusanya joto.

Waya wa mashine upitishwe nyuma ya fundi, au juu ya bega, usiwe mbele ya bledi. Kuchomeka nyaya mbili tupu kwenye soketi kwa kuzishikiza na vijiti, jambo linaloonekana katika baadhi ya karakana, ni kucheza na maisha.

Kwa mafundi wanaokarabati mitumbwi ufukweni, hatari ni kubwa zaidi. Mchanga umelowa, miguu haina viatu, na umeme hutoka kwenye jenereta. Jenereta ikae mahali pakavu, maungio ya waya yainuliwe kutoka ardhini, na fundi avae viatu vyenye soli ya mpira. Panapowezekana, fundi umeme mwenye leseni afunge kifaa kinachokata umeme mara moja unapovuja. Kifaa cha miliampu 30 kimetengenezwa kwa ajili ya kulinda uhai wa mtu. Kazi ya jigso haifanywi wakati wa mvua.

Kuna hatari nyingine inayowahusu watumiaji wote wa umeme nchini. Jigso nyingi zina kitufe kinachofunga swichi ili fundi asiendelee kuibana. Umeme ukikatika wakati kitufe kimefungwa, mashine hunyamaza na fundi huiweka mezani. Umeme ukirudi baada ya nusu saa, mashine huwaka yenyewe na kuanza kutembea juu ya meza, pengine mtoto yuko karibu. Kanuni ni moja: umeme ukikatika, zima swichi na uchomoe plagi hapo hapo.

Kuchagua bledi

Mafundi wengi hubaki na bledi moja kwa kazi zote hadi imeisha meno. Hilo huongeza hatari, kwa kuwa bledi butu humlazimisha fundi kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayompeleka mbele bledi inapokatika au ubao unapoachia.

Bledi yenye meno makubwa yaliyoachana ni ya mbao nene. Yenye meno ya kati ni ya plaiwudi na MDF. Yenye meno madogo yaliyosongamana ni ya bati, bomba na alumini. Kwa chuma chembamba, angalau meno mawili au matatu yawe yanagusa unene wa chuma kwa wakati mmoja, la sivyo meno hunasa na kuvunjika. Bati jembamba hukatwa vizuri likibanwa kati ya vipande viwili vya plaiwudi. Kwa pindo kali tumia bledi nyembamba, na kwa mstari ulionyooka tumia bledi pana.

Mbao ngumu kama mninga, na chuma cha aina yoyote, havihitaji haraka. Kwa chuma na plastiki punguza kasi ya mashine. Plastiki ikikatwa kwa kasi kubwa huyeyuka na kugandana tena nyuma ya bledi.

Kubadilisha bledi kuna sharti moja lisilo na mjadala, nalo ni kuchomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu kidole kinaweza kuigusa kwa bahati mbaya. Bledi iliyotoka kukata huwa ya moto sana, hivyo iachwe ipoe au ishikwe kwa koleo. Bledi mpya ikishafungwa, ivute kidogo kwa mkono uone kama imeshika. Hakikisha mgongo wake umeegemea kwenye kigurudumu kidogo kinachoiongoza.

Ubao ufungwe

Kama kuna jambo moja ambalo fundi anapaswa kulichukua kutoka katika makala haya, ni hili: ubao ufungwe kwa klampu au jiriwa, usishikwe kwa mkono. Klampu mbili zinatosha kwa kazi nyingi. Zikifungwa, mikono yote miwili hubaki juu ya mashine, na hakuna mkono unaoweza kuwa chini ya ubao.

Asiye na klampu anaweza kupigilia ubao kwenye meza kwa misumari miwili katika sehemu itakayotupwa, mbali na mstari wa kukata. Kukalia ubao, kuukanyaga kwa mguu au kumwambia saidia fundi aushike kwa mbele si kuufunga. Saidia aliye mbele ya bledi ndiye anayeumia fundi anapoteleza.

Kabla ya kuwasha, angalia chini ya ubao. Bledi inahitaji nafasi ya kushuka bila kugonga meza, waya wake wenyewe au paja la fundi. Mbao za zamani, ambazo hutumika sana katika mabanda na mazizi, zikaguliwe misumari kwanza.

Wakati wa kukata, washa mashine kabla bledi haijagusa ubao, iache ifikie kasi yake, kisha iingize taratibu. Iache bledi ikate yenyewe, kazi ya fundi ni kuiongoza. Sauti ya injini ikishuka, ni dalili kwamba unasukuma mno. Bledi ikinasa, zima na uchomoe plagi kwanza, kisha uitoe. Ukimaliza, zima na usubiri bledi isimame kabisa kabla ya kuinyanyua mashine. Bledi inayotembea ikinyanyuliwa kutoka kwenye mkato hudunda juu ya ubao na kurudi kwa fundi.

Kwa tundu la katikati ya ubao, kama la sinki, toboa kwanza kwa drili tundu la milimita 10 au 12 ili bledi iingie. Kutumbukiza bledi kwa kuilaza mashine ni njia ya mafundi waliozoea, na hata wao hukosea. Kwa pindo kali, kata kwanza mistari mifupi kuanzia ukingoni hadi karibu na pindo, ili vipande vidokoke kimoja kimoja na bledi isibanwe.

Tahadhari kwa mkulima na mfugaji

Jigso hutumika pia shambani, hasa kupasua mapipa ya plastiki na ya chuma kuwa vihori vya mifugo au vya kunyweshea kuku. Hapa kuna hatari mbili ambazo hazihusu vidole.

Ya kwanza ni pipa lililokuwa na petroli, dizeli, rangi au kemikali inayowaka. Injini ya jigso hutoa cheche ndani yake inapozunguka, na bledi inayokata chuma hutoa joto. Mvuke uliobaki ndani ya pipa unaweza kulipuka hata kama pipa linaonekana kavu. Kulisuuza kwa maji hakuondoi mvuke wote. Pipa la namna hiyo lisikatwe.

Ya pili ni chombo kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu, jambo linalowahusu sana wakulima wa pamba wa Bunda. Sumu hunywea katika plastiki na kuoshwa hakuimalizi. Chombo hicho hakifai kuwa kihori wala ndoo, hata kikikatwa vizuri namna gani. Kinatakiwa kutobolewa kisiweze kutumika tena, na kutupwa kwa ushauri wa ofisa ugani.

Vumbi, macho na masikio

Kipande cha bledi iliyokatika au cha chuma kikiingia jichoni kinaweza kuliharibu kabisa. Miwani ya kinga inayofunika pembeni ni ya lazima. Miwani ya jua au ya kusomea haitoshi.

Vumbi la mbao nalo si la kupuuzwa. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililiweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mninga hujulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Fundi avae barakoa ya vumbi, akatie mahali penye hewa, na asipulize vumbi kwa mdomo kutoka kwenye mstari. Anayekata kutwa nzima azibe masikio kwa vizibo maalumu.

Nguo zilizoachia, shanga, tai na mikono mirefu isiyofungwa vifungo havifai karibu na mashine. Glovu pana zinazoning'inia ni hivyo hivyo. Na hakuna fundi aliyelewa au mwenye usingizi anayepaswa kushika mashine.

Wajibu wa mwenye karakana

Vijana wengi hujifunza useremala kwa kukaa na fundi, na si ajabu kijana kupewa jigso siku ya kwanza kwa sababu ni ndogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za hatari, zikiwamo zilizo katika sekta isiyo rasmi na kilimo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala ujulikanao kama OSHA, inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kinga na mafunzo. Mwajiri pia anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango huo ni wa mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu. Fundi anayejiajiri hana mwajiri wa kumchangia, na kwa hiyo kinga yake ya kweli ni klampu, miwani na akiba yake mwenyewe.

Anayetaka kuongeza ujuzi anaweza kwenda Chuo cha VETA mjini Musoma. VETA pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Cheti hicho humsaidia fundi kuaminiwa na wateja wakubwa.

Ajali ikitokea

Zima mashine na uchomoe plagi. Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya usawa wa moyo, na uendelee kubana kwa dakika 10 bila kufungua kuchungulia. Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu wala udongo.

Kidole kikikatika kabisa, kifungwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa. Mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja. Wauza samaki wa mwaloni huwa na barafu, hivyo si vigumu kuipata Musoma. Majeruhi apelekwe hospitali mara moja pamoja na kidole chake. Kutoka Musoma hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200, na kila saa ina thamani. Majeruhi aulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Fundi anashauriwa kubandika ukutani karibu na soketi orodha fupi ya mambo matano, na kila anayeshika jigso aisome kabla ya kuwasha: ubao umefungwa, chini ya ubao hakuna mkono, bledi ni sahihi na imekaza, waya uko nyuma, miwani iko machoni. Kuisoma hakumalizi hata nusu dakika.